Siku Mama Nizigama Alipoacha Kugombeza

Katika mashamba yote ya mpunga ya Sange, hakuna aliyejua kutukana ndege kama Mama Nizigama. Alikuwa amepita miaka sabini. Meno yake yalikuwa yamebaki ya kuhesabu, lakini sauti ilikuwa imebaki yote.

Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wadogo wenye midomo myekundu huja makundi kwa makundi. Ukiwaachia asubuhi moja tu, unavuna makapi. Kwa hiyo kila mwenye shamba ana dungu lake, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga. Mlinzi hukaa pale tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kando yake kuna fungu la tope. Huviringisha donge, hulichomeka kwenye ncha ya ufito, kisha hulivurumisha kwa ndege.

Mama Nizigama alikuwa na shabaha nzuri. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa mdomo.

"Nyiye bamwizi!" alikuwa akipiga kelele. "Mulilima siku gani? Mulipanda nini humu? Mwende mukakule majani kule ku mto Ruzizi!"

Walinzi wa mashamba ya jirani walicheka, wakapumzisha makoo yao. Sauti ya mzee huyo ilitosha mashamba matatu.

Mkwe wake, Félicité, alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa. Mume wa Félicité aliitwa Thaddée. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Nizigama, na kazi yake ilikuwa uashi. Wiki nzima alijenga nyumba mjini Uvira, katika mtaa wa Kilibula, akarudi Jumamosi jioni. Basi nyumbani walibaki wanawake hao wawili na magomvi yao matamu.

Mama Nizigama hakusifu chakula hata siku moja. Bugali ukiwa mgumu, alisema amepewa tofali. Ukiwa laini, alisema amepewa uji. Sombe, yaani kisamvu, haikukosa kasoro. Mwaka wa kwanza Félicité alilia. Mwaka wa pili alielewa. Katika nyumba ile mgeni ndiye aliyeambiwa asante. Mtu wa nyumbani aligombezwa, na kugombezwa huko ndiko kupendwa kwenyewe.

Jumanne moja Mama Nizigama alikuwa anashuka kwenye dungu. Kipande cha tete kilichovunjika kilimchana mguuni, chini ya goti. Kidonda kilikuwa kidogo, urefu wa kidole. Akafanya kama walinzi wengi wa pale wanavyofanya. Alichota tope lilelile la kurushia ndege, akalipaka juu ya kidonda.

"Udongo unapoozesha," alisema, kisha akapanda tena kuendelea na matusi yake.

Jioni Félicité aliliona tope limekauka mguuni.

"Mama, iko nini hapa?"

"Iko mguu. Hauyaona mguu?"

Félicité aliondoa tope kwa kitambaa. Alikuwa na kapsule za rangi mbili alizonunua sokoni. Alifungua moja, akamwaga unga wake ndani ya kidonda. Juu yake akatia mawese kidogo. Halafu akafunga kwa kipande cha kitenge cha zamani, akakaza vizuri.

"Unanifunga sawa chikwangue," Mama Nizigama alilalamika, kama vile yeye ni mkate wa muhogo uliokazwa ndani ya majani.

"Basi tulia, chikwangue haisemake," Félicité alimjibu. Wakacheka wote wawili.

Alhamisi jioni Mama Nizigama alianza kutetemeka. Mwili ulikuwa moto. Mashamba ya mpunga yana maji, na penye maji pana mbu. Félicité hakufikiri mara mbili. Alisema ni malaria. Akampa vidonge vya malaria vilivyobaki mwaka uliopita, pamoja na paracétamol mbili. Ijumaa aliendelea kumpa paracétamol, na joto likashuka.

"Umeona?" alisema Sylvestre, jirani yao ambaye shamba lake linapakana na lao. "Malaria imekimbia. Imeogopa ule mudomo ya Mama."

Nyumba nzima ilifurahi. Kidonda kilikaa chini ya kitenge, na hakuna aliyekifungua.

Jumamosi asubuhi Félicité alijiandaa kwenda shambani peke yake. Sylvestre alikuwa amepita kumchukua waongozane. Mama Nizigama alikuwa amelala kwenye mkeka, bado amejifunika. Ghafla alinyanyua mkono na kuupunga hewani.

"Shh! Shh! Mutoke! Mutoke mu mpunga!"

Sylvestre alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Nizigama! Ata mu nyumba unafukuza ndege!"

Félicité naye alicheka. Nani asingecheka? Mzee alikuwa akizungumza na ndege miaka yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Mama Nizigama hakuficha kitu. Ugonjwa wake ulikuwa unapiga kelele mbele ya watu wawili, na wote wawili wakadhani ni mzaha wake wa kila siku.

Félicité alimwinua kidogo, akamnywesha uji. Ulikuwa uji wa haraka. Hakuwa ametia sukari, na ulikuwa na madonge. Mama Nizigama alikunywa mara mbili.

"Aksanti, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Iko muzuri."

Félicité alikuwa ameshafika mlangoni. Miguu yake ikasimama yenyewe. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amesikia neno hilo kutoka kinywa kile.

Alirudi, akapiga magoti kando ya mkeka. Alishika mkono wa mama mkwe wake. Ulikuwa baridi, na ngozi yake ilikuwa na mabaka. Alitazama kifua. Kilipanda na kushuka haraka haraka, ingawa mzee alikuwa amelala tu.

"Mama, minye nani?"

Mama Nizigama alimtazama kwa muda mrefu. "Weye Agnès," alisema.

Agnès alikuwa dada yake. Alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita.

Félicité aliangalia bakuli la kukojolea. Lilikuwa kavu tangu jana mchana. Akafungua kile kitenge. Harufu mbaya ilitoka. Mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya goti. Kidonda kilikuwa cheusi pembeni, na wekundu ulikuwa umepanda hadi pajani.

"Sylvestre, simamisha motari pale ku barabara," Félicité alisema. "Ninamupeleka ku santé."

Sylvestre hakuwa mtu mbaya. Alisema kile ambacho watu wengi wangesema.

"Félicité, wazee banakuwaka baridi. Homa si imetoka? Ngojea jioni, Thaddée atakuya. Leo ndege ziko mingi sana. Ukiacha shamba siku ya leo, kesho hautakuta kitu."

Hapo alisema kweli. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa katika shamba lile, na bado wiki mbili tu wavune. Félicité alisikia makelele ya ndege kutoka bondeni. Aliogopa. Aliogopa njaa, na aliogopa zaidi kuonekana mpumbavu aliyeacha mpunga kwa sababu mama mkwe amesema asante.

Lakini aliutazama tena ule mkono wenye mabaka.

"Mpunga inapandwaka tena," alisema. "Mama hapandwake."

Sylvestre akatoka mbio kuelekea barabarani.

Motari mmoja aitwaye Héritier alisimamisha pikipiki yake. Mama Nizigama alikalishwa katikati, Félicité akapanda nyuma na kumkumbatia kwa nguvu. Njia nzima mzee alimwita Agnès. Félicité aliitika tu.

Katika kituo cha afya walimkuta Aline, muuguzi mkuu wa pale. Aline hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Alitazama saa yake na kuhesabu pumzi za Mama Nizigama kwa dakika moja. Zilikuwa thelathini na nne. Alipima nguvu ya damu, yaani presha, ikawa chini sana. Alipima joto, likawa nyuzi thelathini na tano. Alichoma kidole na kupima malaria. Hapakuwa na malaria.

"Kidonda hiki kina siku ngapi?" aliuliza.

"Ine," Félicité alijibu. "Lakini muganga, homa ilishatoka."

"Hiyo njo inanitisha," alisema Aline. "Mu muzee, baridi ya namna hii ni mbaya kuliko homa. Microbe zinatoka mu kidonda, zinaingia mu damu. Ba docteur banaita sepsis."

Huku akisema, mikono yake haikusimama. Alitundika serum, yaani maji ya mshipani. Alimchoma sindano ya antibiotique. Kisha akapiga simu ili gari la wagonjwa lije kumchukua.

"Atapona?" Félicité aliuliza.

"Sikudanganye. Iko hatari. Lakini mu ugonjwa hii, kila saa iko na maana. Ungengoja jioni, pengine ungemuleta bila pumzi. Umefika na pumzi. Tufanye kazi."

Félicité alimpigia Thaddée simu akiwa ndani ya gari. Thaddée aliacha mwiko wake juu ya ukuta, akakimbia kuwasubiri kwenye mlango wa hospitali mjini.

Zilikuwa siku tatu ngumu. Madaktari walikata nyama iliyokufa mguuni. Walimpa hewa ya kusaidia kupumua. Dawa ziliingia mshipani asubuhi na jioni. Félicité alikaa kando ya kitanda na kusali. Wakati mwingine alikosa maneno ya sala, akataja tu jina la mzee.

Siku ya nne mchana Mama Nizigama alifumbua macho. Félicité alimlisha kijiko cha wali. Mzee alitafuna polepole, akakunja uso.

"Nani alipika hii? Minye ninalinda mpunga maisha yote, halafu munanikulisha muchanga?"

Félicité aliweka sahani chini. Akatoka nje, akaegemea ukuta, akalia na kucheka kwa pamoja. Wagonjwa waliokaa uani walidhani amepata habari ya msiba.

Baada ya wiki mbili Mama Nizigama alirudi nyumbani. Mguu ulikuwa mwembamba na una kovu kubwa, lakini ulikuwa mguu. Aline alikuja kubadilisha bendeji. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, mguu juu ya kiti kidogo. Thaddée alikuwepo, na Sylvestre alikuwa amekuja kusalimia.

Aline alinawa mikono kwa sabuni, kisha akaanza kazi.

"Muganga," alisema Mama Nizigama, "minye nina swali. Kidonda kilikuwa kidogo sawa kidole. Namna gani kilitaka kuniua muzima muzima?"

Aline alimjibu kwa swali. "Mama, weye unajuaka ndege namna gani? Unajua jina ya kila moja?"

"Jina ya nini? Ninaangalia mudomo. Mudomo ikiwa mwekundu, ni mwizi."

"Basi damu yako inafanya vile vile. Ndani kuko balinzi. Ni chembe ndogo, hauwezi kuziona kwa macho. Ku ngozi ya zile chembe kuko vitu vidogo vya kutambua adui. Tunaviita vipokezi. Microbe iko na nguo yake ya inje, na mwili yako haina nguo ya namna ile. Kipokezi kikigusa ile nguo, kinajua mwizi ameingia."

"Nani alibafundisha hao balinzi?"

"Hakuna. Unazaliwaka nabo. Chanjo inafundisha balinzi bengine, banaojua adui moja kwa jina. Lakini hawa ba kwanza hawangoje masomo. Banaona nguo, banapiga kelele."

Mama Nizigama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipenda kusikia kwamba ndani yake kuna watu wanaopiga kelele.

"Na wakipiga kelele, inakuwa nini?" Thaddée aliuliza.

"Damu mingi inakimbilia pale. Njo kidonda kinakuwa chekundu na moto. Maji inatoka mu mishipa, njo kunavimba. Chembe zingine zinakuya kukula microbe. Mara mingi banashinda pale pale ku kidonda, na weye haujue kama kulikuwa vita."

Aline alimaliza kusafisha kidonda, akachukua bendeji mpya.

"Sasa, Mama, fikiri siku moja ndege zinajaza bonde yote. Si shamba moja, ni yote. Ku kila dungu watu banapiga kelele. Banashuka chini. Banakimbia mu mpunga, banatupa udongo kila upande. Jioni mpunga yote iko chini. Nani aliiharibisha?"

Uso wa Mama Nizigama ulibadilika. Alikuwa anaona jambo ambalo alilijua tangu utoto.

"Ndege walikula," alisema. "Lakini miguu ya balinzi njo ilimaliza."

"Njo sepsis," alisema Aline. "Microbe ziliingia mu damu, zikaenda kila mahali. Balinzi wakapiga kelele kila mahali. Mishipa ikavuja. Nguvu ya damu ikaanguka. Mafigo yakakosa damu, ukaacha kukojoa. Kichwa ikakosa damu, ukamuita mukwe wako Agnès."

"Nilimuita Agnès?" Mzee alimtazama Félicité. "Agnès alikuwa muzuri kuliko huyu."

Wote walicheka. Lakini Sylvestre alikuwa bado na swali.

"Basi, muganga, juu ya nini hamutoe dawa ya kunyamazisha hao balinzi? Banyamaze, mutu apone."

Aline alifungua kinywa, lakini Mama Nizigama alimtangulia.

"Weye Sylvestre! Ukinitosha ku dungu, utakula nini?"

"Amejibu yeye," alisema Aline, akicheka. "Bila balinzi, microbe zinakula mwili tangu siku ya kwanza. Watu ba sayansi walijaribu dawa ya kufunga kipokezi kimoja. Wagonjwa waliopewa hawakupona zaidi kuliko bengine. Bado banatafuta ni mulinzi gani wa kutuliza, na saa gani. Kwa leo, kazi yetu ni kupunguza ndege mbio mbio. Njo antibiotique ya hospitali. Na serum inashikilia damu isianguke. Lakini ile yote inasaidia kama mutu amefika mapema."

Sasa Félicité alisema lililokuwa likimchoma rohoni.

"Muganga, minye nilimwaga unga ya kapsule. Nikatia mawese. Nikafunga siku ine. Ni minye nilitaka kumuua."

"Hapana," alisema Aline. Aliweka mkasi chini ili amtazame vizuri. "Ulifanya ile ulijua, na weye njo ulimuokoa. Sasa jua ingine. Tope ya shamba iko na microbe mingi, ni sawa kubeba ndege ku mukono na kuziweka mu mpunga. Unga ya kapsule haiponeshe kidonda. Mawese inafungia uchafu ndani. Kidonda kinataka maji safi mingi na sabuni, na kitambaa safi. Na kinataka kufunguliwa kila siku, macho ikione."

"Na paracétamol?"

"Ilishusha homa. Haikufukuza ndege ata moja. Homa ikishuka, usiseme mugonjwa amepona. Angalia mutu mwenyewe. Weye uliona nini ile asubuhi?"

Félicité alihesabu kwa vidole. "Pumzi ilikuwa mbio. Mikono baridi, na mabaka ku ngozi. Hakukojoa. Akili ilipotea." Akakunja kidole cha mwisho. "Na hakunigombeza."

"Ile ya mwisho haiko mu kitabu yangu," alisema Aline. "Lakini ni kweli kuliko zote. Mutu akiwa mugonjwa na akigeuka kuwa mutu mwingine, usicheke. Kimbia. Mutoto akikataa ziwa na kulegea, kimbia. Wekundu ukitoka ku kidonda na kupanda, kimbia mbele ya homa kufika."

Kisha akatoa sindano ya chanjo ya pepopunda. Mama Nizigama alimtukana kwa Kifuliiru na kwa Kirundi, lakini alitoa mkono.

Aline alipokuwa anafunga mkoba wake, Sylvestre alikohoa.

"Minye nitasema kitu," alisema. "Ile siku nilimuambia Félicité angoje. Nilisema mubaya. Lakini shida yetu haiko kutojua peke yake. Shida ni shamba. Mutu anaona kidonda kinavimba. Anasema, nitaenda kesho, ndege zikipungua. Ndege hazipungukake. Anangoja mpaka siku ya kuvuna. Baba yangu alikufa vile. Tulisema ni malaria."

Wakati huo ndipo Félicité alipofahamu kitu kingine. Shamba alilolikuta aliporudi halikuwa limeliwa. Kona moja tu ndiyo iliyoharibika. Kwa siku zote alizokuwa hospitalini alidhani ni bahati.

"Sylvestre, nani alilinda mpunga yetu?"

Sylvestre alitazama chini. "Nilikuwa ninapanda ku dungu yangu, kisha ku dungu yenu. Nikapoteza sauti siku nane. Mama Nizigama, minye siwezi kazi yako. Ndege zenyewe zilinicheka."

Thaddée aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama Nizigama ndiye aliyesema, kwa sababu yeye hakukosa la kusema.

"Basi iwe sheria. Mugonjwa halinde. Mutu akisema anaenda ku santé, dungu ya jirani inachukua shamba yake. Hakuna kuuliza, hakuna kununa. Mwenye kukataa, nitakuya kumutukana minye mwenyewe."

Hilo la mwisho lilitosha. Kabla ya msimu mwingine, walinzi wote wa upande ule walikuwa wamekubali. Thaddée alitundika bidoni, yaani dumu la maji safi lenye bomba dogo, kando ya dungu lao, na kipande cha sabuni ndani ya kopo. Wiki iliyofuata madungu saba yalikuwa na bidoni. Mwanzoni watu walicheka, wakasema ndege sasa watanawa mikono kabla ya kula. Baadaye wakazoea. Mtu akichanwa na tete, alinawa kwanza, akafunga kitambaa safi, ndipo akaendelea na kazi.

Msimu ulifika. Mpunga ulitia maziwa, na ndege walikuja kama kawaida yao.

Asubuhi moja Sylvestre alikuja chini ya dungu la Félicité. Siku mbili kabla, kijiti kilikuwa kimemchoma kwenye kiganja. Alikuwa amenawa kwa sabuni. Alikuwa amefunga kitambaa safi na kukifungua kila jioni. Hata hivyo, asubuhi ile mkono ulikuwa umevimba. Mstari mwekundu ulikuwa umepita kifundo cha mkono na kuanza kupanda. Tena alikuwa anatetemeka.

Hakusubiri jioni. Hakusema ni malaria.

"Félicité," alisema, "shamba yangu."

"Kwenda," alisema Félicité.

Akageuka kwenye dungu, akapaza sauti kwa dungu la pili. Dungu la pili likaita la tatu. Kabla Sylvestre hajafika barabarani, wanawake watatu walikuwa wamegawana mpunga wake. Mama Nizigama alichukua upande wa mashariki, ule wenye ndege wengi. Alikuwa amekatazwa kupanda dungu, basi alikaa kwenye kiti pembeni mwa shamba na kutukana kutoka pale.

Sylvestre alirudi saa tisa mchana. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe na kuning'inizwa shingoni. Mfukoni alikuwa na dawa za siku saba. Aline alikuwa amefungua kiganja, akatoa usaha na kipande cha mti kilichobaki ndani. Alikuwa amemchoma sindano, na alitaka kumwona tena kesho asubuhi.

"Alisema microbe hazijafika mbali," Sylvestre alieleza. "Alisema nimekuya saa muzuri."

Alitembea kando ya shamba lake, akitazama. Mpunga ulikuwa umesimama, mashuke mazito, hakuna hata kona iliyoguswa. Akaanza kupanda kwenye dungu lake kwa mkono mmoja.

"Aline alikuambia ufanye nini?" Félicité, aliyekuwa amehamia juu ya dungu hilohilo kumlindia, alimuuliza.

"Nipumzike. Mukono ikae juu."

"Basi shuka upumzike."

"Mu musimu ya ndege?"

"Mu musimu ya ndege."

Sylvestre alitaka kubisha, lakini aliuona uso wake akaacha. Alishuka. Alitandika gunia kwenye kivuli chini ya dungu, akaweka mkono wa bendeji juu ya kifua, akafumba macho. Juu yake Félicité alivurumisha donge la udongo. Pembeni mwa shamba Mama Nizigama aliwauliza ndege kama mama zao hawakuwafundisha kuona haya. Na Sylvestre alilala usingizi mzito mchana kweupe, katikati ya msimu, jambo ambalo baba yake hakupata kulifanya maisha yake yote.